Usimtoroke Mtoto, Mwage

Kuna desturi moja imeenea majumbani mwetu hata hakuna anayeiona kuwa kosa. Mama amejiandaa kwenda kazini, mkoba ameuficha nyuma ya pazia. Dada anaambiwa amchukue mtoto uani akamwonyeshe kuku. Mtoto akishageuza shingo, mama anapita mlango wa mbele, viatu mkononi, asije akasikika. Muda si mrefu mtoto anarudi sebuleni, anachungulia chumbani, anakwenda jikoni, anaita. Kisha anaangua kilio, na dada anaelekezwa kwa simu: mpe biskuti, muwashie katuni, atanyamaza.

Wengi wetu tumelelewa hivyo, na nia ya mzazi haina ubaya. Hataki kumwona mwanawe akilia. Hata hivyo nasema bila kumumunya maneno kwamba kutoroka huko kunamuumiza mtoto kuliko kuondoka kwenyewe. Mtoto mdogo anaweza kustahimili mzazi aende zake na arudi. Linalomshinda ni kuishi nyumbani mwake bila kujua ni wakati gani mtu anayemtegemea atatoweka.

Tuielewe kwanza hofu yenyewe. Mtoto wa miezi minne hubebwa na mgeni yeyote na kumchekea. Kati ya mwezi wa sita na wa nane hubadilika: shangazi aliyezoea kumpakata sasa anapokewa kwa kilio, mama akiingia bafuni mlango unapigwa kwa viganja, usiku anaamka kupapasa kama mwenzake wa kitandani bado yupo. Hofu hii huwa kali zaidi kati ya miezi 10 na 18, kisha hupungua kidogo kidogo mpaka kwenye umri wa miaka 3 hivi, ingawa huweza kurudi kwa muda mtoto akiugua, akihama nyumba au akipata mdogo wake. Chanzo chake ni kukua kwa akili. Mtoto ameshajua kwamba mama yupo hata asipoonekana, lakini hajajua saa wala maana ya jioni. Kwake yeye, mama aliyekwenda kununua mkaa na mama aliyesafiri kwenda Mwanza wametoweka sawasawa.

Mitaani husemwa kwamba mtoto huyo amedekezwa, kwamba amezoeshwa kubebwa. Ushauri hufuata papo hapo: mwache alie, atachoka mwenyewe. Ushauri huo umekwisha kupimwa, na sehemu ya kazi ya kuupima ilianzia hapa hapa Afrika Mashariki.

Mwaka 1954 mwanasaikolojia Mary Ainsworth alifika Kampala akifuatana na mumewe, aliyekuwa amepata kazi katika taasisi ya utafiti wa jamii. Alitoka London, ambako alikuwa amefanya kazi na daktari John Bowlby, aliyekuwa akijenga hoja kwamba mtoto huzaliwa na haja ya kushikamana na mlezi wake, na kwamba haja hiyo si tawi la njaa bali inasimama peke yake. Ainsworth akachagua familia 26 za Waganda katika vijiji vya jirani, zenye watoto ambao bado walikuwa wakinyonya. Alitaka kuona yanayotokea wakati wa kuachishwa ziwa, kwa sababu alikuwa amesikia kwamba watoto hupelekwa kwa bibi ili walisahau. Desturi hiyo si ngeni kwa msomaji wa Tanga wala wa Bukoba. Mpaka leo wapo wanaomtenganisha mtoto na mama yake kwa wiki mbili ili aache kunyonya, na wapo wanaopaka shubiri.

Alizitembelea familia hizo na mkalimani wake kila baada ya wiki mbili, akikaa nazo kwa muda wa saa mbili kila mara, kwa miezi hadi 9. Aliona jambo ambalo kila bibi analijua ila hakuna aliyekuwa amelipa uzito wa kitaalamu. Mtoto humwacha mama akatambaa kwenda kuchunguza, akageuka kumtazama, akaridhika kwamba yupo, akaenda mbali zaidi. Mama akitoka nje, uchunguzi unakoma. Aliona pia kwamba watoto hawakufanana. Baadhi walilia mara kwa mara hata wakiwa mapajani mwa mama zao. Wengine walitulia, wakawa na ujasiri wa kwenda na kurudi. Akina mama wa hawa waliotulia ndio waliokuwa mahodari wa kueleza habari za watoto wao kwa undani, kwa maana walikuwa wakiwatazama kweli. Matokeo aliyachapisha katika kitabu mwaka 1967. Baadaye, huko Baltimore nchini Marekani, yeye na mwenzake Silvia Bell wakafuatilia vilio vya watoto tangu kuzaliwa hadi mwaka mmoja, na mwaka 1972 wakaripoti kwamba waliokuwa wakiitikiwa upesi katika miezi ya mwanzo walilia kidogo kuliko wenzao mwaka ulipokaribia kutimia. Ni kinyume kabisa cha ushauri wa mitaani.

Hapa najua msomaji mmoja, pengine mwenye mvi, ananikatiza: sisi tulilelewa na ukoo mzima, mama zetu walishinda shambani, na hakuna aliyekaa kutuaga. Hoja hiyo ni nzito na haifai kubezwa. Wapo watafiti waliokaa na Waefe wa msitu wa Ituri, Congo, wakashuhudia mtoto mchanga akipokezanwa na wanawake wengi kwa siku moja, hata kunyonyeshwa na asiye mama yake, na akakua vizuri. Bowlby mwenyewe amelaumiwa kwa kumtwisha mama peke yake mzigo ambao katika jamii nyingi hubebwa na wengi. Nakubaliana na lawama hizo. Mtoto anaweza kushikamana na bibi, baba, shangazi na dada yake mkubwa, wote kwa pamoja.

Lakini tuangalie vizuri huo ukoo tunaoutaja. Bibi aliyebaki na mtoto wakati mama yuko shambani alikuwa amemwogesha tangu siku ya kwanza. Binamu waliombeba mgongoni walilala naye ukumbini. Mama alipoondoka, mtoto alibaki katikati ya watu wake. Sasa tazama nyumba ya kupanga Mbagala au Kayole. Baba katoka alfajiri, bibi yuko mkoani, jirani kafunga geti. Msichana wa kazi ameshuka kwenye basi Jumapili jioni akiwa na mfuko mmoja wa nguo. Jumatatu saa kumi na mbili asubuhi amekabidhiwa mtoto wa miezi kumi ambaye hajapata kumwona maishani mwake, na mlango umefungwa. Huo si ukoo. Tumebaki na maneno ya malezi ya zamani, watu waliokuwa wakiyatenda hawapo tena.

Na hapo ndipo penye jeraha ambalo sijasikia likizungumzwa inavyostahili. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania, ya mwaka 2004, inampa mama likizo ya uzazi ya siku 84, au 100 akijifungua watoto zaidi ya mmoja, na baba siku 3. Kenya inatoa miezi 3 kwa mama na wiki 2 kwa baba. Mama anarudi kazini mtoto akiwa na miezi mitatu, umri ambao bado hamlilii anayeondoka, na nyumba nzima inafurahi kwamba mtoto si msumbufu. Miezi mitano baadaye hofu ya kutengana inafika kwa wakati wake wa kawaida. Mtoto aliyekuwa mtulivu anaanza kung'ang'ania gauni kila asubuhi. Mzazi anamtilia shaka dada: amemfanya nini mwanangu? Dada anafukuzwa, analetwa mwingine. Mtoto ambaye alikuwa ameanza kuogopa kutengana anatenganishwa na mtu aliyekuwa naye mchana kutwa.

Maana dada huyo, kwa mtoto, si mfanyakazi. Ndiye anayejua kwamba uji hanywi ukiwa wa moto, ndiye anayemlaza mchana, ndiye anayembeba akianguka. Ukihesabu muda ambao mtoto yuko macho kuanzia Jumatatu hadi Ijumaa, dada huwa na sehemu kubwa kuliko wazazi wote wawili. Siku anapoondolewa, mara nyingi huondolewa kwa ugomvi, usiku au alfajiri, mtoto akiwa usingizini. Hakuna anayemweleza mtoto lolote. Anaamka, anamtafuta jikoni, anaita jina lake kwa siku kadhaa, kisha anaacha kuita. Wazazi wanasema kwa faraja, "Amemsahau." Nyumba nyingine hubadilisha wasichana watatu kwa mwaka mmoja. Mtoto wa nyumba hiyo anajifunza mapema kwamba anayempenda hupotea bila neno, kisha tunashangaa mbona haachii mkono wa mama yake hata kanisani.

Tusimsahau na msichana mwenyewe. Mara nyingi ana miaka kumi na kitu, ametoka kwa mama yake kwa mara ya kwanza, analia usiku kwa sauti ya chini ili asisikike. Anayetakiwa kumtuliza mtoto wa watu naye ametengwa na wa kwao. Nyumba inayompa nafasi ya kupiga simu kwao, kulipwa kwa wakati na kulala mahali pa heshima inamlinda pia mtoto wa nyumba hiyo, kwa sababu msichana aliyetulia hakimbii baada ya miezi miwili.

Kuna na uongo. "Nakwenda hapo dukani, narudi sasa hivi na pipi," mama anasema, na anarudi saa mbili usiku. Watu wazima hudhani mtoto wa miaka miwili hakumbuki. Anakumbuka vizuri sana, ndiyo sababu kesho yake akisikia neno dukani anaanza kulia. Njia ya mwongo ni fupi, na kwa mtoto huwa fupi zaidi. Kibaya kuliko uongo ni vitisho. Sokoni na kwenye vituo vya daladala utasikia: "Haya, mimi naondoka, nakuacha hapa." "Ukilia tena nakupa huyu askari akuchukue." "Sikutaki, natafuta mtoto mwingine." Mzazi anasema ili atii, na mtoto anatii kweli, kwa kuwa ameguswa mahali anapoogopa kuliko pote. Bowlby, katika kitabu chake cha mwaka 1973 kuhusu kutengana, alivitaja vitisho vya kumwacha mtoto kuwa miongoni mwa vyanzo vikubwa vya hofu isiyoisha. Mtoto aliyewahi kuambiwa ataachwa hawezi kujua kama safari hii ndiyo yenyewe.

Neno jingine la kuogopwa ni "amezoea". Walimu wa chekechea hulitumia, na matroni wa mabweni hulitumia. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 hospitali za Uingereza zilikuwa zikiwazuia wazazi kukaa na watoto wao wodini. Wauguzi walisema mtoto hulia siku za mwanzo tu, kisha huzoea. Mtafiti James Robertson akachukua kamera, na mwaka 1952 akaonyesha filamu ya msichana wa miaka miwili aliyelazwa kwa siku nane kwa ajili ya upasuaji mdogo. Watazamaji waliona kwa macho yao kwamba mtoto anayeonekana mtulivu amejikaza na kusononeka. Robertson alieleza hatua tatu: kwanza mtoto hupinga kwa kilio, kisha hukata tamaa akanyamaza, mwishowe hujitenga, hata mama akija hamkimbilii. Wauguzi walikuwa wakiiona hatua ya pili na ya tatu, wakaiita nafuu. Madaktari wengi walikasirika, lakini mwaka 1959 kamati ya serikali ikapendekeza wazazi waruhusiwe kuwatembelea watoto wao na akina mama waweze kulala nao. Katika hospitali zetu nyingi mama hulala na mwanawe wodini, na ni jambo jema la kujivunia.

Kwenye mabweni ndiko tulikoteleza. Mwaka 2023 Serikali ya Tanzania ilitoa waraka wa kuzuia bweni kwa watoto wa awali hadi darasa la nne. Kenya nayo, mwishoni mwa 2022, ilitangaza nia ya kuyaondoa mabweni kwa wanafunzi wa darasa la kwanza hadi la tisa. Wazazi walilalamika, na baadhi yao wana sababu za kweli: wanafanya kazi za usiku, wameachana, wanasafiri, nyumbani hakuna usalama. Serikali inapaswa kuwasikiliza hao mmoja mmoja. Lakini kwa jumla naunga mkono katazo hilo kwa nguvu zote. Mtoto wa miaka sita hana la kujifunza bwenini linalozidi kulala nyumba moja na watu wake. Anayesifiwa kwamba alilia wiki ya kwanza tu, sasa hamkumbuki hata mama yake, asisifiwe. Aulizwe anavyolala usiku.

Wapo wazazi ambao hawana hiari. Akina mama kutoka Mombasa, Tanga, Kampala wamekwenda Oman na Saudi Arabia kufanya kazi za ndani kwa mikataba ya miaka miwili, wakalea watoto wa wengine ili wa kwao wasome. Siwahukumu, na asiwahukumu mtu ambaye halipi ada yao. Nawaomba jambo moja tu: usiondoke usiku mtoto amelala. Mkalishe, hata kama ana miaka mitatu, mwambie unapanda ndege, unakwenda kazini, bibi atabaki naye. Mwezi mmoja kabla, mwache alale kwa bibi huku wewe ungali karibu. Ukifika kule, piga simu siku ile ile ya wiki na saa ile ile uliyoahidi, hata kwa dakika tano. Mtoto ataisubiri simu hiyo, na kusubiri kitu kinachofika kweli ni afya kwake.

Kwa sisi tunaoondoka asubuhi na kurudi jioni, kazi si ngumu. Inama ulingane naye, mtazame usoni, mwambie unakwenda wapi na nani anabaki naye. Usimtajie saa, mtajie mambo anayoyajua: nitarudi ukishaamka usingizi wa mchana, nitarudi kabla hujaoga. Mwachie kanga uliyolala nayo, ile ambayo bado ina harufu yako. Daktari wa watoto Donald Winnicott aliandika tangu mwanzoni mwa miaka ya 1950 jinsi kitambaa kama hicho kinavyomsaidia mtoto kuvuka saa za upweke. Kisha ondoka. Usirudi mlangoni mara tatu kumbusu tena, maana mtoto husoma uso wako, na akiona unaogopa kuondoka ataamini kweli kuna la kuogopwa. Atalia, ndiyo. Kilio cha mtoto aliyeagwa hukoma mapema kuliko utafutaji wa mtoto aliyetorokwa. Na ukiahidi kabla ya kuoga, fika kabla ya kuoga. Kwa mtoto ambaye hajaanza kusema, jifunike uso kwa kanga kisha jifunue, tena na tena, mpaka achoke kucheka. Ndivyo anavyozoea kwamba aliyepotea machoni hurudi.

Baba nao wasisimame kando. Mtoto ambaye baba yake humlisha, humwogesha na kumlaza haoni dunia nzima ikiondoka pindi mama anapotoka. Siku 3 za sheria ni chache mno, na Bunge linapaswa kuziongeza, lakini hakuna sheria inayomzuia baba kumwogesha mwanawe Jumamosi.

Si kila kilio ni cha kawaida. Mtoto wa umri wa kwenda shule ambaye kwa zaidi ya wiki nne anaumwa tumbo kila asubuhi ya shule na kupona wikiendi, hakubali kulala peke yake, anaota ndoto za wazazi kufa, huyo anahitaji msaada. Apelekwe kituo cha afya kwanza kuondoa shaka ya ugonjwa wa mwili, kisha kwa mtaalamu wa afya ya akili katika hospitali ya rufaa. Tiba ipo, ya mazungumzo na ya kumzoesha hatua kwa hatua, na wengi hupona. Na mtoto aliyekuwa akienda kwa furaha, ghafla anaogopa mtu mmoja, basi moja au chumba kimoja, asilazimishwe hata siku moja zaidi mpaka ijulikane ametendewa nini.

Januari shule zitafunguliwa, na mageti ya chekechea yatajaa vilio. Walimu wakuu, ruhusuni mzazi akae darasani siku za mwanzo, muda ukipungua siku hadi siku, na msimnyang'anye mtoto kwa nguvu huku mkimwambia mama akimbie. Waajiri, yaheshimuni masaa mawili ya kunyonyesha ambayo sheria ya Tanzania imekwisha kuyatoa. Na wewe uliye na mtoto nyumbani, kama unabadilisha dada mwezi huu, walipe wote wawili kwa wiki moja, yule wa zamani na huyu mpya, wakae pamoja na mtoto. Siku ya mwisho mwite mtoto, mweleze, na umwache dada amwage kwa kinywa chake.